Faini

Siku ya tatu Al Khoudh nilivunja finjani,
udongo mweupe, ukingo wa dhahabu, moja kati ya sita.
Bi Raya akavitazama vipande,
akanitazama mimi,
akasema: fain.
Kisha akaenda kuswali.

Kwetu Muheza neno hilo halina mchezo.
Faini ni karani wa kijiji na risiti ya kaboni,
ni mbuzi wetu aliyekula mahindi ya watu
na baba aliyemuuza mbuzi huyohuyo
ili alipe mahindi.
Usiku nikahesabu kwa vidole:
finjani moja, riali ngapi?

Asubuhi nikasema chai tayari. Fain.
Nguo zimekauka. Fain.
Mtoto kalala, fain, mgeni kapiga simu, fain.
Mama huyu, nikasema moyoni,
atanitoza hata pumzi.
Nyuma ya kalenda ya duka la gesi
nikapiga mistari, mitano mitano, kama mfungwa,
na mwezi ulipoandama
mistari ilikuwa themanini na saba.

Akanipa mshahara kwenye bahasha. Sikuipokea.
Nikamwonyesha kalenda,
nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ofisi ya wakala:
wewe kata kwanza.
Hakuelewa. Nikasema finjani. Nikasema fain, fain, fain.
Alipoelewa alicheka hata akakaa zuliani,
akafuta machozi kwa ncha ya shela,
mara akanyamaza,
maana alikuwa ameanza kuihesabu ile mistari.

Muhannad wake, darasa la tatu, ndiye aliyenifunza,
kalamu sikioni kama seremala.
Hali ya hewa njema, fain.
(Nje digrii arobaini na sita.
"Kitabu hakijui," akanijibu.)
Uzi mwembamba. Kilemba cha babake cha Ijumaa,
sufi inayopita ndani ya pete.
Mtu aliyeanguka akainuka
akasema hakuumia, hata kama anachechemea:
huyo naye fain.
"Na ile ya kulipa?"
Akapekua, akapekua. "Haimo."

Haimo! Ijumaa, njia ya Barka,
kamera ikatumulika, umeme bila mvua.
Babake akapiga usukani, akamtaja Mola.
Mtoto akanigeukia, kachangamka kama aliyeokota pesa:
"Fain!"
Nikamwambia, unaona sasa?
Nilikuwa mjinga, lakini si mjinga wote.

Mchanga wa huku ndio unaolijua neno.
Unapita dirisha lililofungwa,
unakaa juu ya friji, kwenye marufaa, kwenye kope.
Hugombi nao. Unaupangusa asubuhi,
alasiri umerudi, laini,
kana kwamba haukufukuzwa.

Jumamosi mama hupiga.
"Hujambo, Mwantumu?"
Na lugha yetu nayo ina ujanja wake:
hatusemi tu wazima, tunakana jambo.
Jambo lipo, limekaa kitini, halijavua viatu,
nasi twajibu kwamba hatunalo.
Sijambo, mama.

Simu nimeibana kwa bega, mikononi chekeche.
Unga wa mkate wa Bi Raya unashuka
mweupe, bila sauti.
Juu zinabaki chenga:
mgongo huu,
godoro la chumba cha stoo,
mwanangu anayemwita dada yangu mama.
Natikisa. Hazipiti.

"Na tajiri wako?"
Alinunua finjani nyingine, mama.
Haifanani na zile tano.
Ameniambia hiyo ni yangu, ninywee.

"Basi vizuri."
Vizuri, mama.

Simu ikikatika
nazimwaga chenga juu ya paa la gereji.
Njiwa wa hapa hawachagui,
wanameza kila kitu.